Picha ya Thelathini na Moja

Picha yake ya kwanza ya michezo ilimgharimu jino. Bondia wa uzito wa juu, mwili kama gunia la saruji, alipigwa ngumi ya taya, akapita katikati ya kamba za ulingo kichwa kikitangulia. Aliyekuwa chini yake, amepiga magoti na kamera imebanwa usoni, alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa ambaye mpaka siku ile hakuwa amepiga picha ya kitu kinachotembea. Kamera ilimwingia mdomoni. Watu wa mstari wa mbele waliruka viti mbiombio, si kumsaidia yeye, bali kumsukuma bondia arudi ulingoni kabla refa hajafika kumi. Msichana akabaki sakafuni anatema damu, anapapasa kamera kwanza, jino baadaye. Kamera ilikuwa nzima. Jino halijaonekana mpaka leo.

Hakutakiwa kuwa pale. Kamera ilikuwa ya mjomba wake, mwenye studio ya picha za pasipoti: chumba kimoja, pazia la bluu, stuli ya kuzunguka, na kitana kilichofungwa kwa uzi ukutani ili wateja wasiondoke nacho. Mwaka mzima kazi ya binti ilikuwa kuwaambia watu wainue kidevu. Mwandaaji wa ngumi alikuwa amemwita Mjomba mwenyewe, ila asubuhi ile Mjomba aliinama kuokota kifuniko cha lenzi na mgongo ukakataa kurudi juu.

"Nenda wewe," alimwambia mpwa wake, amelala kifudifudi kwenye benchi la wateja. "Ni kama pasipoti tu, ila hawa hawatulii."

Aliporudi na kitambaa mdomoni, Mjomba hakuuliza habari za jino. Aliuliza, "Umeipata?"

"Sijui. Niliiona ngumi inakuja, halafu sikuona kitu. Giza. Nikajikuta chini."

Mjomba akacheka mpaka akashika mgongo. "Basi umeipata."

Akamweleza. Ndani ya kamera kuna kioo kidogo kinachokuletea jichoni kile ambacho lenzi inakiona. Ukibonyeza kitufe, kioo kinaruka juu kuupisha mwanga uende kwenye filamu, na kwa kitambo hicho, kifupi kuliko kupepesa, jicho lako linaona weusi mtupu. Kwa hiyo kile ambacho filamu imekiona, wewe hukukiona.

"Ukiiona ngumi imetua kwa macho yako, ukafurahi, ujue umechelewa," alisema. "Ukiwa kipofu ndiyo umeipata. Sisi ni mashahidi tusioona, mwanangu. Usimwambie mteja."

Katika chumba cha giza, chini ya taa nyekundu, karatasi ikaanza kutoa sura ndani ya beseni la dawa. Shavu lililokunjika. Mate yaliyosimama hewani kama uzi. Jicho moja la bondia lilikuwa limeshazimika wakati la pili bado linashangaa. Mdomo ulikuwa unamuuma binti mpaka sikioni, na palepale akaipenda kazi ile. Nisikufiche: alichokipenda ni ule ubaya. Wapo wanaopiga picha za maua, na hatuwalaumu.

Gazeti la michezo lilimchukua baada ya miaka miwili. Huko ndiko alikopewa jina la Chongo, kwa sababu kila mtu alipomtazama alimkuta jicho la kushoto limefumba na la kulia limezama kwenye kamera. Macho yake yote yalikuwa mazima na mazuri tu. Akanuna wiki moja, halafu akazoea, na ukipenda kitu hata chongo unaita kengeza. Mwisho akawa anajitambulisha kwa jina hilo kwenye simu.

Nyuma ya goli, walipokaa wapiga picha, hakukuwa na dada wala kaka. Kulikuwa na viwiko. Mmoja aliyemzidi umri na tumbo alimkanyaga vidole makusudi kila timu ilipopata kona, ili asibonyeze kwa wakati. Mara ya tatu Chongo alimng'ata mguu, nyama ya nyuma, akang'ang'ania mpaka yule bwana akapiga yowe lililomfanya mpiga kona asite. Tangu siku hiyo walimwachia nafasi ya kukaa, na pengo lake likaheshimiwa kuliko kitambulisho chake.

Alipiga picha ya mchezaji aliyevunjika mguu, mfupa umetoka nje ya soksi mweupe kama chaki. Kwenye mashindano ya pikipiki alikuwa amechuchumaa kwenye kona ya vumbi pamoja na mashabiki walioivuka kamba. Pikipiki moja ikakosa njia, ikaja hewani bila mwenyewe, inanguruma, gurudumu la mbele likiendelea kuzunguka. Chongo alibonyeza. Mwanga uliporudi kwenye kamera, mzee aliyekuwa ameketi kulia kwake, aliyemgawia karanga dakika tano nyuma, alikuwa hana uso. Karanga zilikuwa bado mkononi mwa Chongo. Aliporudi ofisini mhariri, mtu mnene mwenye sauti ya kuuzia mitumba, alimpongeza kwa kumpiga kofi la mgongo, na Chongo akatapika kwenye pipa la karatasi, akajifuta, akaandika maelezo ya picha bila kukosea herufi. Alifanya kazi hivyo miaka kumi na moja. Alijua kuogopa, lakini woga ulimjia baada ya kubonyeza, kamwe si kabla.

Sasa twende kwenye ile mechi.

Timu ya Sokoni na timu ya Kiwandani zilikuwa watani wa jadi, na utani wao ulishapeleka watu wengi hospitali. Refa alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mtu mwembamba, mpole, aliyepiga filimbi kama anayeomba radhi. Zikiwa zimebaki dakika mbili, bila mabao, aliwapa Kiwandani penalti. Ilikuwa penalti halali. Ndiyo maana walikasirika zaidi.

Golikipa wa Sokoni aliitwa Komeo, kwa jinsi alivyofunga mlango. Kila mtu alimjua kwa hasira zake: alishawahi kuipiga nguzo ya goli kichwa mpaka akashonwa. Aliruka upande sahihi, mpira ukampita chini ya kwapa, na kabla wavu haujatulia, uzio wa upande wa Sokoni ulilala chini. Watu walimwagika uwanjani. Mwalimu alikimbia kuelekea katikati, filimbi bado mdomoni, na kila pumzi aliyotoa ikawa inaipiga yenyewe: pii, pii, pii. Alifika kwenye duara la kati. Mtu mmoja akamtega, akaanguka, na filimbi ikanyamaza.

Wakamshukia. Walimpiga kwa viatu, kwa miti ya bendera, kwa mguu wa kiti cha plastiki. Kuna mwanamume aliyekuwa akimpiga kwa ndala yake, moja moja, akihesabu. Chongo, aliyewafuata mbio toka nyuma ya goli, alikuwa amelala kifudifudi kwenye majani, hatua nne toka hapo, viwiko chini, anapiga katikati ya miguu ya watu. Ndipo kwenye kamera akamwona Komeo anakuja toka golini, mbio, glavu mikononi, mdomo wazi, anawasukuma watu kama anayefungua njia kwenye mahindi. Komeo akaruka. Chongo akabonyeza, akakishikilia kitufe, na mota ya kamera ikaanza kulia kama cherehani.

Giza. Halafu kitu kizito kikampiga kisogoni, jiwe au rungu hakujua, uso wake ukaingia kwenye majani. Lakini kidole kilikataa kuachia. Kamera ikabaki mbele yake kati ya viwiko viwili, inaendelea kupiga yenyewe, hakuna jicho nyuma yake, mpaka filamu ikaisha.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo huwezi kulifanya usipokuwa fundi. Mgeni wa kamera angefikiri kwanza. Mikono ya Chongo ilikuwa imebadilisha filamu maelfu ya mara na haikuhitaji tena kichwa, na kichwa chenyewe kilikuwa kinatoa damu. Mikono ikaharakisha, ikaruka hatua moja: ikafungua mgongo wa kamera kabla filamu haijarudishwa ndani ya kopo lake. Jua la saa kumi likaingia. Aliufunga mara moja, akapiga yowe la tusi, lakini mwanga hauna subira.

Ofisini, filamu iliposafishwa, picha thelathini za mwanzo zilikuwa salama. Ya thelathini na moja ilikuwa imeungua pembeni tu. Kuanzia ya thelathini na mbili mpaka ya thelathini na sita, weusi mtupu.

Mhariri aliichukua ile ya thelathini na moja, akaiinua kwenye taa, akakaa. Mwalimu yuko chini, ubavu, mkono mmoja umefunika sikio. Juu yake Komeo yuko hewani, mguu wa kulia mbele, kiatu kiko shubiri moja toka kichwani mwa mwalimu, mdomo umepanuka, mishipa ya shingo imesimama. Hakuna ambaye angeitazama akauliza swali.

"Hizi nyingine zimeungua," Chongo alisema. "Sijui baada ya hapo alifanya nini."

"Za nini hizo? Mtoto wa darasa la kwanza anajua alifanya nini." Mhariri alikuwa ameshashika simu ya chumba cha mitambo ya kuchapia. "Hii moja inatosha dunia nzima."

Ikatoka ukurasa wa mbele, yote, bila matangazo. Siku ya tatu mwalimu akafa. Gazeti likaichapa tena, safari hii na neno moja chini yake: MUUAJI. Polisi walimkuta Komeo nyumbani na majeraha mgongoni, mbavu mbili zimevunjika, wakasema ni ya vurugu tu. Wale waliojua ukweli ni wale waliokuwa wanapiga, na hakuna kati yao aliyekuwa na haraka ya kwenda kuwa shahidi.

Mahakamani Chongo alivaa suti ya kuazima. Picha ilikuwa imeshapata tuzo. Ilikuwa imevuka mipaka, magazeti ya lugha asizozijua yalikuwa yameandika jina lake la kweli, na mhariri alikaa mstari wa pili anamtabasamia. Komeo alipomwona anapanda kizimbani alisimama ghafla, pingu zikalia.

"Dada!" aliita. "Asante Mungu! Dada, wewe ulikuwepo! Waambie!"

Askari wakamkalisha. Alikuwa anamtazama Chongo kama mtu aliyeona daktari anaingia.

"Ulikuwa umbali gani na marehemu?" mwendesha mashtaka akauliza.

"Hatua nne."

"Ulimwona mshtakiwa akimpiga marehemu teke la kichwa?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi. Hapana, sikumwona, nilikuwa gizani kwa sababu kamera ndivyo ilivyo, halafu nikapigwa, nikawa nimelala kwenye majani. Lakini fikiria kulisema hilo mbele ya watu, ukiwa umesimama pembeni ya picha yako mwenyewe iliyokuzwa ukubwa wa mlango. Aliona wanavyocheka. Aliona tuzo inavyorudi ilikotoka, na wale wa nyuma ya goli wanavyomsimanga mpaka uzeeni: mpiga picha aliyelala usingizi mauaji yakipita. Na zaidi ya hayo, aliamini. Nani asingeamini? Mguu ule ungekwenda wapi kwingine?

"Nilimwona," akasema.

Wakili wa Komeo, kijana aliyechoka, akauliza swali moja tu. "Baada ya hii, ulipiga nyingine?"

"Filamu iliishia hapo."

Komeo alimtazama tu, akaendelea kumtazama hata hakimu alipokuwa anasoma: kuua bila kukusudia, miaka kumi na miwili.

Macho hayana pazia, wanasema, lakini Chongo aliyapatia la kwake. Aliisimulia picha ile kwenye semina, kwenye vyuo, kwenye redio. Aliisimulia mara nyingi mpaka akaanza kuiona: kiatu kinatua, kichwa kinaruka. Akiulizwa sauti ilikuwaje, alikuwa na sauti tayari. Ile filamu, hata hivyo, hakuitupa. Aliiweka ndani ya bahasha, bahasha ndani ya kopo la maziwa, kopo juu ya kabati, na alipohama nyumba mara mbili alilibeba mwenyewe mkononi. Mtu asiye na neno habebi kopo namna hiyo.

Miaka minane ikapita. Filamu zikafa. Kamera mpya zikaja zenye kijidirisha mgongoni kinachokuonyesha picha palepale, na vijana nyuma ya goli wakawa wanabonyeza na kuinama, kubonyeza na kuinama, kama kuku wanaodonoa. Chongo alikuwa akiwacheka. Jumamosi moja, mechi ya kawaida kabisa, kiungo mmoja alimkanyaga mwenzake aliyeanguka. Uwanja mzima uliona, damu ikachuruzika puani, makocha wakashikana mashati, na mtu akachanwa na chupa. Chongo naye akainama kwenye kijidirisha. Picha ya nne: njumu ziko juu ya uso wa mtu, na mwenye njumu amekunja sura. Akabonyeza kwenda ya tano. Mguu umepita. Umetua nyasini upande wa pili, na yule kiungo anaanguka kwa kujipinda asimkanyage mwenzake. Damu ilitokana na kiwiko cha mtu mwingine kabisa, dakika nzima kabla.

Kamati ya nidhamu ilizitazama picha zote mbili, ikamwachia yule kiungo ndani ya dakika kumi. Mwenyekiti akamshukuru Chongo. Chongo akatoka akiufikiria mguu wa Komeo. Halafu akaenda nyumbani kuteremsha kopo.

Mjomba alikuwa mzee sasa. Studio ilikuwa imegeuka ya kutoa fotokopi, na chumba cha giza kimejaa maboksi ya karatasi. Chongo alikaa kwenye stuli ya kuzunguka akamweleza yote, bila kujipunguzia. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyanyuka kwa shida, akamnasa kofi. Chongo alikuwa na miaka arobaini, na hakuna aliyewahi kumpiga kofi la uso tangu azaliwe isipokuwa wale wa uwanjani.

"Mimi nilikwambia usimwambie mteja," Mjomba alisema. "Sikusema usimwambie hakimu! Miaka minane! Toa maboksi haya. Lete filamu."

Filamu iliyoungua haijafutika. Picha iko, ila weusi umeifunika. Ipo dawa inayokula weusi polepole, na ukibahatika, picha inabaki mwisho. Usipobahatika, inaliwa nayo, na hakuna pa kuitafuta tena. Mjomba alikata kipande cha mwisho, namba thelathini na sita, akakizamisha. Kikatoka cheupe, kama kipande cha mfuko wa nailoni. Thelathini na tano vilevile. Ya thelathini na nne ilianza kuonyesha kitu.

"Vidole!" Chongo alisema. "Mjomba, naona vidole, toa!"

Mjomba aliingiza koleo, koleo likateleza, na alipokitoa kile kipande vidole vilikuwa vimeshakwenda. Mzee alikuwa anapumua kwa mdomo.

"Shika wewe," akasema mwisho. "Macho yangu hayafai."

Chongo akazamisha ya thelathini na tatu. Alijikuta anaomba, na aibu ilimshika alipogundua anachokiomba: kwamba Komeo awe ameua. Ndicho alichokitaka moyoni, na ni heri aseme kweli angalau huko. Weusi ukageuka kahawia, kahawia ikageuka moshi. Akahesabu tatu, akakitoa, akakisuuza, akakiinua kwenye taa.

Komeo amepiga magoti. Amejikunja juu ya mwalimu kama mtu anayelinda mshumaa, glavu zake mbili kubwa zimekizunguka kichwa cha mwalimu, na mgongo wake umeachiwa watu. Kiatu kimoja kimezama mbavuni mwake. Ndala iko hewani. Ameinua uso, anaitazama kamera moja kwa moja, na ule mdomo ambao jiji zima liliusoma kuwa ni hasira ulikuwa unaita. Alikuwa anamwita yeye, Chongo, mtu pekee pale aliyekuwa hana kitu cha kupigia.

Mjomba alikisogeza kipande kile karibu na jicho. "Hii ndiyo picha uliyopiga," akasema. "Ile nyingine ulipewa tu."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa imekula miaka minane ya mtu. Kwenye mahakama ya rufaa Chongo alisema aliyopaswa kusema mara ya kwanza. Alipoeleza habari za kioo na giza, watu walicheka, sawasawa na alivyoogopa, na akagundua kwamba kuchekwa hakuui. Jaji akaamuru Komeo aachiwe, na Chongo afunguliwe mashtaka ya kutoa ushahidi wa uongo. Gazeti lilimfukuza siku hiyohiyo. Mhariri alisema amesikitishwa sana, kana kwamba ile simu ya chumba cha mitambo ilijipiga. Mashabiki wa Sokoni walivunja vioo vya nyumba yake vyote. Wa Kiwandani nao, kwa kuwa hawakutaka kupitwa, walimngojea dukani wakampasua nyusi kwa chupa.

Alikwenda gerezani siku ya Komeo kuachiwa, akiwa na nyuzi sita juu ya jicho, bila kamera, na picha ndani ya bahasha. Alikuwa amefanya mazoezi ya neno moja njia nzima. Wenzake wa zamani walikuwa wameshajaa mlangoni, viwiko nje, na walipomwona wakampisha kama mgonjwa.

Komeo akatoka. Mabega yalikuwa yameshuka, kichwa kimeota mvi upande mmoja. "Komeo, tazama huku! Komeo, cheka kidogo!" Hakuwatazama. Alimwona Chongo, akaja moja kwa moja, akamkamata shati kifuani kwa mikono miwili, akamgonga na ukuta mara moja, kichwa kikalia. Kamera zote zikaanza kuvuma. Askari akapiga hatua. Komeo akalegeza mikono mwenyewe.

"Unayo?" akauliza.

Chongo akampa bahasha. Komeo akaitazama picha bila kupepesa. Alipoongea, sauti ilikuwa ya chini, ya mtu anayemweleza jirani habari za nyumbani.

"Mama alikuwa anakuja kila mwezi. Miaka sita. Kila mwezi namwambia, mama, sikumpiga yule mwalimu, wallahi sikumpiga. Ananiambia, mwanangu, nimekuona kwa macho yangu kwenye gazeti, usijichoshe kuapa. Mimi nimekusamehe. Nikilia, anasema nimekusamehe. Nikikasirika, anasema nimekusamehe. Mara ya mwisho alikuja ameshikiliwa na watu wawili. Nikaapa tena. Akaniwekea mkono kichwani, akasema lilelile. Akaenda akafa. Sikutaka anisamehe. Nilitaka aniamini."

Chongo alifungua mdomo. Neno alilokuja nalo lilikuwa nisamehe, na sasa hakuweza kulitoa.

Komeo akairudisha picha ndani ya bahasha taratibu, kwa ile mikono mikubwa, akamkabidhi.

"Mimi sina haja nayo, mimi nilikuwepo," akasema. "Nenda kamwonyeshe yeye."

Akaondoka kwa miguu, peke yake, wapiga picha wanamfuata.

Na Chongo alikwenda. Alifika makaburini saa nane mchana, shati limechanika kifuani, akamkuta mlinzi anafagia majani getini. Akamwuliza kaburi la mama yake Komeo, yule golikipa wa zamani wa Sokoni, liko upande gani.

Mlinzi akaegemea ufagio, akafikiri. "Aah," akasema. "Yule mama wa muuaji?"

Chongo akaitoa picha kwenye bahasha, akaanza kumweleza toka mwanzo.